Ufagio wa Dorika

Kwanza Dorika alidhani ni chumvi. Ziwa Singidani halikuwa mbali na pale Unyambwa, na kiangazi upepo hubeba mengi. Lakini huu ulikuwa utando mweupe, wenye upana wa shubiri moja, umeanzia mlangoni mwa tembe yake ukaingia hatua mbili ndani. Alipougusa, ulimchoma kwa baridi, adhuhuri yenye jua la kupasua mawe!

Dorika alikuwa na ugonjwa mmoja, usafi. Wenzake walimtania kwamba angefagia hata kivuli chake. Kwa kuwa utando ulikuwa umepasuka vipande, alivifagia akavitupa nje, asimwambie mtu.

Kesho yake, adhuhuri ileile, sakafu ililia, kraa! Utando ulikuwa umesogea na kupanuka, na harufu ya moshi wa makaa ya mawe ikajaa nyumba, ingawa jikoni hapakuwa na moto. Akafagia. Siku ya tatu akafagia. Siku ya nne ulifika kwenye kitanda cha Elina, bintiye wa miaka mitatu, naye akaamka midomo imemkauka kwa baridi.

"Mama, mjomba anatetemeka. Ananiomba nimpishe kitandani."

Mumewe, Mughwai, alikuwa amerudi mwezi uliopita kutoka vita vya Hitla, alikochochea makaa melini katika bahari iliyoganda. Aliposikia hayo, alipiga magoti akaugusa utando.

"Baba Elina, ni nini hiki?" Dorika alinong'ona.

"Ni njia. Kule meli ya kuvunja barafu haikati. Inapanda juu ya barafu, inailalia kwa uzito mpaka ivunjike. Inarudi nyuma, inapanda tena, njia inapanuka, meli nyingine zinafuata. Alphonce, mwenzangu wa makaa, alitumbukia njiani mle. Niliuona mkono wake. Nahodha alikataa kusimama, maana ukisimama unagandia hapohapo. Nami nikanyamaza. Nimerudi mkanipikia pombe, sikunyoa hata nywele kwa msiba wake."

"Inafungwaje?"

"Inajifunga yenyewe. Vile vipande vikiachwa, vinashikana. Ndiyo maana meli hupita tena na tena kuvisukuma..."

Wote wawili waliutazama ufagio.

Kumbe ni Dorika, kwa mikono yake, aliyekuwa akimfungulia marehemu njia, siku baada ya siku, kutoka mlangoni hadi kwa mwanawe. Walipojaribu kumtoa Elina nje, mtoto alizimia kizingitini, wakamrudisha kitandani.

Siku ya tano Mughwai alinyoa kichwa, akasimama mlangoni akimlilia Alphonce kwa jina. Dorika alichoma ufagio moto, akakalia mikono yake. Kraa! Vipande vilitapakaa, na mikono ikamwasha, na harufu ya makaa ikamkaba, na kitu kizito kikapita mbele ya magoti yake kikivuta pumzi kama mtu aliyelowa, naye hakuinuka, hakufagia, akang'ata kanga hadi vipande vikaanza kushikana kimoja kimoja na utando ukawa mzima, mweupe, kimya. Kisha ukayeyuka. Sakafu ikakauka.

"Imejifunga!" Mughwai alilia kwa furaha. "Mama Elina, imejifunga!"

Dorika aligeuka kumkumbatia mwanawe. Elina alikuwa amejibana ukutani, na nusu nyingine ya kitanda ilikuwa imebonyea.

"Mama," alisema, "mmefunga njia. Sasa mjomba atatokaje humu?"