Injini ya Marehemu Idrisa

Adhana ya magharibi ilimkuta Zahoro bado yuko mtaa wa Gerezani, kwenye duka la vipuri la Gaudens, akinunua plagi nne za injini.

"Kaka, hii seti ya tatu wiki hii," Gaudens alisema. "Unazifunga kwenye gari au unazikaanga?"

"Nipe zangu niende. Jumamosi naingia barabarani."

Gaudens akamkabidhi. Vidole vyao vilipogusana, muuzaji akaurudisha mkono wake haraka, akaunusa.

"Una msiba nyumbani?"

"Kaka yangu. Mwezi sasa."

"Pole sana. Maana unanuka kafuri. Kama mtu aliyetoka kuosha maiti sasa hivi."

Zahoro akatia mikono mfukoni. Alikuwa amenawa kwa petroli, kisha kwa sabuni ya unga, mara mbili.

Nyumba yao ilikuwa Mtaa wa Likoma, nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa pande zote mbili. Babu yao, mzee Ramadhan, aliijenga mwaka 1958: vyumba sita na ua nyuma. Katika ua huo ndugu wawili walijifunza magari. Idrisa, mkubwa, akawa dereva wa mashindano. Zahoro akawa fundi wake. Gari liliposhinda, watu walimbeba Idrisa mabegani. Zahoro walimwomba asogee kidogo, wapige picha na gari.

Mwezi mmoja nyuma, asubuhi ya mashindano kule Kigamboni, Idrisa alikanyaga mafuta, akasikiliza, akauliza, "Zahoro, waya wa akselereta unanasa?"

Ulikuwa unanasa. Zahoro aliujaribu usiku uliotangulia, ukanasa mara mbili. Alinuia Idrisa apitilize kona moja tu, atumbukie kwenye mchanga, watu wamcheke. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Haunasi," alijibu.

Kwenye kona ya kwanza Idrisa aliondoa mguu, lakini injini ikaendelea kuvuta. Palikuwa na ukuta. Alizikwa siku ile ile, na hakuna aliyejua habari za waya isipokuwa Zahoro.

Injini ilitoka bila mkwaruzo.

Katika ukoo wao, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka khitma ya arobaini, ndipo hugawanywa mbele ya watu. Hata kandambili za Idrisa zilikuwa bado mlangoni. Siku ya ishirini Zahoro aliing'oa injini ile, akaifunga kwenye gari lake mwenyewe, akaweka na waya mpya. Watu wakasema anamuenzi nduguye.

Tangu hapo injini ikawa mgonjwa asiyeeleweka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Bi Nasreen alikuwa jikoni, mgongo ukielekea mlango. "Umechelewa kuswali."

"Nitalipa."

Alipita chumba cha shemeji yake, Badria, mjane wa Idrisa aliyekuwa katika eda. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nyuma yake hakikusikika hata kikohozi.

Akawasha taa ya ua, akafungua boneti. Plagi za zamani zilitoka zimelowa maji. Akafunga mpya. Akawasha.

Moshi mweupe, mzito, ukatoka kwenye ekzosi na kutambaa chini, ukagota kwenye kizingiti cha Badria.

Harufu ikafuata. Kafuri.

Fundi yeyote angesema gasketi imekatika, maji yanaingia kwenye silinda. Lakini gasketi alishabadilisha mara mbili. Akachomoa kijiti cha oili: oili safi, rangi ya asali, haina hata tone la maji. Akaangalia rejeta: imejaa mpaka mdomoni, haijapungua. Sasa maji yale yalikuwa yanatoka wapi?

Kisha mlio wa kugonga ukaanza.

Tok... tok... tok...

Injini inayogonga hugonga kwa mwendo wake yenyewe. Ukiongeza mafuta, nayo huharakisha. Zahoro akaongeza mafuta. Injini ikanguruma, turbo ikapiga mluzi. Mlio haukuharakisha. Uliendelea polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo.

Akachukua bisibisi ndefu. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya.

Ya nne...

Kwanza pumzi. Pumzi ya mtu aliyebanwa kifua.

Halafu, karibu kabisa, ndani ya sikio lake:

"Unanasa, Zahoro."

Akabaki pale pale. Bisibisi ilikuwa ya baridi kama iliyotoka kwenye barafu, na mpini ulikuwa umeng'ang'ania sikioni.

"Unanasa..."

"Haunasi!" Zahoro alipiga kelele. "Nimekwambia haunasi!"

Injini ikazimika yenyewe.

Aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, na glasi ya maji mkononi.

"Ulikuwa unamjibu nani, baba?"

"Hakuna mtu, mama. Injini tu."

"Idrisa aliniambia asubuhi ile, kwa simu. Kwamba amekuuliza, na umemwambia haunasi. Nimekaa nalo neno hilo siku thelathini na moja." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwelekeza mtu njia. "Siku ya josho nilikinga maji yaliyomwosha. Nusu niliyatia kwenye rejeta yako. Nusu ni haya."

Zahoro akarudi nyuma mpaka akagota kwenye gari.

"Mama, hiyo ni dhambi..."

"Dhambi zangu niachie mwenyewe. Shika. Useme: kama nilijua waya ule unanasa, maji haya yasitoke mwilini mwangu. Halafu unywe. Kama hukujua, ni maji tu."

"Na kama sitaki?"

"Basi nieleze kwa nini hutaki."

Pazia la Badria likatikisika. Hapakuwa na upepo.

Alifikiria kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliona ua umejaa watu, aliona wajomba, aliona msikiti mzima ukimgeuzia mgongo. Akaishika glasi.

"Kama nilijua waya ule unanasa," alisema, "maji haya yasitoke mwilini mwangu."

Akanywa yote. Hayakuwa na ladha yoyote.

Alisubiri. Tumbo halikumkata. Moyo ulipiga, ukatulia. Bi Nasreen alimtazama mpaka tone la mwisho, kisha akapokea glasi na kuipangusa kwa ncha ya khanga.

"Ni maji ya bomba," alisema.

"Nini?"

"Ya bomba, Zahoro. Nilitaka kuona kama utaapa."

"Na ya kwenye rejeta?"

"Hiyo rejeta hata sijui iko upande gani. Sijagusa gari lako."

"Mama... hii harufu, basi... hii sauti..."

"Sauti gani?"

Hakuweza kuitaja. Kuitaja kungekuwa kusema ilichomwambia.

"Umeapa kwamba hukujua," mama alisema. "Basi Jumamosi uendeshe. Mtu asiye na hatia haogopi gari la nduguye. Ukikaa nyumbani, nitajua, na Badria atajua, na nitawaambia wengine."

Akarudi jikoni. Zahoro akawasha injini. Iliitika mara moja. Hakuna moshi. Hakuna mlio wa kugonga. Haijapata kunguruma vizuri kiasi kile tangu itoke kwa Idrisa. Alibonyeza mafuta, akaachia. Injini ikashuka. Akabonyeza tena, akaachia.

Haikushuka.

Aliuchomoa waya ule mpya, akaupaka oili, akaurudisha. Ukanasa. Ijumaa asubuhi alikwenda Gerezani kununua mwingine. Gaudens alimhudumia akiwa amejifunika pua kwa kola ya shati, na safari hii hakutania. Akaufunga. Aliuvuta mara kumi, ukarudi mara kumi. Mara ya kumi na moja ukanasa. Tangu jana usiku alikuwa amekwenda msalani mara nne, na mara zote nne alirudi bila kutoa hata tone.

Alasiri alisikia mlango wa mbele unafunguliwa na kufungwa, unafunguliwa na kufungwa. Alipotoka chumbani kwenda uani, akakuta mikeka ya majirani imeegemezwa ukutani, mingi, na juu ya karo masufuria matatu makubwa, yale ya kupikia watu mia. Badria, katika nguo zake nyeupe za eda, alikuwa amechuchumaa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Bi Nasreen alikuwa anahesabu sahani.

"Mama, arobaini si wiki ijayo?"

"Ndiyo. Wiki ijayo."

"Sasa hivi vyote vya nini?"

Alimaliza kwanza kuhesabu. Kisha akamgusa mwanawe shavuni kwa kiganja, taratibu, kama alivyomgusa Idrisa kabla hawajamfunika.

"Kalale mapema, baba," alisema. "Kesho tuna watu."