Mto Uliotoka Chini ya Konokono

Nyumba yetu ina magurudumu. Kabla hujacheka, jirani, jiulize nyumba yako ikichoshwa na mtaa hufanya nini. Yetu huhama. Ni basi kuukuu ambalo baba alilinunua likiwa limeshastaafu kubeba abiria, akang'oa viti, akaweka vitanda, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo na dirisha pana la kuuzia, kwa sababu mama yangu ni fundi cherehani na kazi yake ni kufuata minada na shule zinazofungua. Tunamwita Konokono, kwa kuwa amebeba nyumba mgongoni na kwa kuwa hata baiskeli humpita.

Tunaishi humo watu wanne. Kuna baba, ambaye kila mtu humwita Kapteni. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi kazi yetu ilikuwa kutobisha. Kuna mama. Kuna bibi mzaa baba, ambaye huniita mke mwenza na kunitania kutwa nzima. Na kuna mimi, binti wa nyumba, niliyemaliza sekondari na kupandishwa cheo kuwa mshona vifungo na mjibu wateja wakorofi.

Nawasimulia nyote, wenye nyumba za magurudumu na wenye nyumba za matofali, kwa sababu ugonjwa ulioingia kwetu nimeuona hata kwenu. Msinune. Nimeuona.

Kwetu kulikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Kapteni: "Juu ni kwenu, chini ni kwangu." Maana yake, kupika, kushona, kufagia na kupanga kulikuwa kwetu. Injini, breki, oili na chochote kilichoning'inia chini ya sakafu kilikuwa chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia wala kuuliza. Kila Jumamosi alitandika mkeka, akabeba redio yake ndogo na spana mbili, akatambaa chini ya Konokono kufanya kile alichokiita huduma. Sisi juu tulisikia redio ikiimba chini ya miguu yetu. Baadaye alitoka akiwa na doa la grisi kwenye shavu, kila mara shavu lilelile, akadai maji moto na chai kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukampa pole na kazi. Bibi alikuwa wa kwanza kumpa.

Siku moja mama aliuliza oili ya breki ilibadilishwa lini. Kapteni alimjibu kwamba yeye hajawahi kumuuliza mama uzi umeingiaje kwenye sindano. Mama akanyamaza. Ukimya ule, ndugu zangu, ndio uliotupandisha mlimani.

Kitu kingine mkijue mapema. Chini ya karo la vyombo kulikuwa na chupa ya oili ya breki. Kifuniko chake kilipotea zamani, Kapteni akaiziba kwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya cherehani. Kichupa cha breki kule mbele, kile kinachohifadhi oili yake, kikipungua, alichukua chupa hiyo akajazia kidogo, akairudisha palepale, jirani na jiko, mvuke wa sufuria ukiipitia kutwa kucha. Mwenye gari la kawaida huweka chupa kama hiyo gereji. Sisi gereji na jiko letu ni chumba kimoja.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa tulivu mpaka inatia shaka. Tulikuwa juu ya mlima, jua limetulia vizuri kwenye mapazia, bibi ameshika kikombe chake cha bati, mama anahesabia kichwani sare za shule ya kule bondeni iliyokuwa inafungua siku hiyo. Cherehani imefungwa kamba mezani. Kapteni akapiga honi kuuaga mlima, tukaanza kushuka.

Kapteni hakupenda kushuka kwa gia nzito. Alisema mngurumo wake ni wa aibu, watu wanadhani dereva hajui. Kwa hiyo alishuka kwa kukanyaga breki, akakanyaga, akaendelea kukanyaga. Kona ya kwanza ilipita. Ya pili ikaja na harufu ya kitu kinachoungua, bibi akaniuliza kama nimesahau pasi. Kona ya tatu, Kapteni akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana yule baba hutoa maelezo hata akifungua mlango.

"Baba watoto," mama aliita kutoka nyuma, "mbona tunakimbia?"

"Shikeni kitu," alisema. "Pedali imezama."

Sifa yake nitampa hapa, kwa sababu baadaye sitampa. Aliirudisha gia kwa nguvu hadi injini ikapiga yowe, akamsukumia Konokono kwenye kifusi ambacho wajenzi wa barabara walikuwa wamekirundika kando. Tuliingia kwenye udongo kama kijiko kwenye uji. Vioo viwili vilimwagika. Kamba ya cherehani ilikatika, ile mashine nzito ikaruka, ikaangukia kitandani, kati yangu na bibi. Ilimkwaruza bibi kifundo cha mkono. Ingesogea kidogo upande wangu, leo ningekuwa nasimuliwa.

Tulishuka, tukakaa kwenye majani. Breki zikapoa. Kapteni akarudi ndani, akakanyaga pedali, na pedali ikawa ngumu, nzima kabisa, kana kwamba haijawahi kutukana mtu. Akatoka anatabasamu. Alisema ilikuwa ni hali ya mlima tu, sasa imerudi, tupande tuendelee, shule inasubiri sare.

Mama alipanda kabla yake. Akachomoa funguo, akazifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Nyumba hii haishuki," alisema.

Kapteni alimwambia asimwaibishe barabarani. Mama akamwambia barabara hiyo ilikuwa karibu kutuua, ina haki ya kutusikia.

Chini kidogo ya kile kifusi alikuwa amesimama dereva wa lori la saruji, anapoza breki zake mwenyewe. Alipanda kutusaidia kufukua magurudumu. Mama akamuuliza wazi, bila kuzunguka, kwa nini pedali izame kisha irudi. Kapteni akamvuta mama pembeni kwa mkono, akamnong'oneza kwamba mambo ya chini ya gari ni yake, si ya kuanikwa kwa wapita njia. Hakunong'ona vizuri, sote tulisikia. Mama naye hakunong'ona hata kidogo.

"Hiyo chini yako ndiyo sakafu ya mwanangu," alisema.

Yule dereva alieleza. Oili ya breki hufyonza unyevu kwenye hewa, na inavyozeeka ndivyo unavyozidi. Breki zikishika moto sana, unyevu ule unachemka, unakuwa mapovu ndani ya mabomba. Ukikanyaga, unabonyeza mapovu, magurudumu hayapati kitu. Zikipoa, mapovu yanapotea na pedali inarudi. "Na ikirudi ndipo watu wanapokufa," alisema, "kwa sababu wanaiamini." Kisha akauliza oili yetu ilibadilishwa lini.

Tukamtazama Kapteni. Kapteni akatazama mlima. Alisema yeye hujazia mara kwa mara. Nikaingia ndani, nikaileta ile chupa na kitambaa chake. Dereva akaigeuzageuza, akauliza inakaa wapi. Nikamwambia jikoni.

"Kumbe mwanangu alikuwa anatutilia mchuzi kwenye breki," alisema bibi, mkono wake umefungwa leso.

Dereva alituvuta polepole kwa chuma kigumu cha kuvutia gari hadi kwenye uwanja tambarare wa njia panda, palepale mlimani, palipo na duka la vipuri. Sasa Kapteni akabadilika: akataka tutafute fundi. Angalieni huo mchezo. Miaka yote fundi hakuhitajika, ila mke wake alipotaka kushika spana ndipo fundi akawa wa lazima. Mama alisema fundi atakuja kukagua tukimaliza, na atakaribishwa kwa heshima zote, lakini yeye hatalala tena juu ya kitu asichokijua.

Kwenye duka la vipuri kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wanaume ambao sijui wameajiriwa na nani kukaa pale. Muuzaji alimwambia mama amtume mzee aje achague mwenyewe. Mama alikuwa amekwishasoma aina ya oili iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa cha breki, na akaitaja bila kupepesa. "Mzee yupo," alisema. "Anayenunua ni mimi." Benchi lilicheka. Mmoja akasema leo tutaona gari likishonwa. Nikamjibu kwamba akikaa vibaya atashonwa naye. Mama akadai chupa ambazo hazijafunguliwa, akakagua muhuri wa kila moja, ndipo akazipokea.

Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Dereva wa lori alituazima nguzo za chuma za kuwekea gari, akamweleza mama kazi hatua kwa hatua, akasisitiza mtu asitambae chini ya kitu kilichoshikiliwa na jeki peke yake. Mama akavaa ovaroli ya Kapteni. Ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Nawaomba mlifikirie hilo kidogo, halafu tuendelee.

Akaingia chini. Kisha, kutoka chini ya Konokono, ukasukumwa mto.

Mto wa kulalia, wenye foronya ya maua, ulikuwa umechomekwa vizuri kwenye vyuma. Ulibingirika juu ya vumbi, ukasimama miguuni pa bibi.

"Mto wangu," bibi alisema taratibu. "Nimeusaka hadi nikamsingizia mke mwenzangu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa huduma. Redio, mkeka, mto, na kidole kimoja cha grisi kwenye shavu kabla ya kutoka. Bibi, mama mzazi wa Kapteni, aliyempa pole Jumamosi zote zile, aliuokota mto, akaupangusa, akampa mgongo.

Nilidhani Kapteni atafoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini. "Nilipolinunua mlisema najua," alisema. "Nikakosa pa kuanzia kusema sijui."

Mama alimsikia kutoka chini. Hakumfariji, na mimi naona alifanya vyema. Alimwambia aende akakae kwenye kiti cha dereva, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Na kweli haifanywi. Kutoa oili ya zamani na upepo kwenye breki kunataka wa juu na wa chini waelewane. Mimi nilisimama mbele, kazi yangu kuhakikisha kichupa hakikauki, maana kikikauka upepo unaingia tena na mnaanza upya. Bibi alikalia kigoda kulinda mawe. Mama alianza na gurudumu lililo mbali kabisa na kichupa, akavisha mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha nyingine ndani ya chupa tupu. Kisha sauti yake ikapanda kupitia sakafu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Alifungua nati. Oili ikatoka nyeusi, kama chai iliyosahauliwa. Akafunga nati.

"Achia."

Mara ya kwanza Kapteni aliachia mapema, kwa mazoea ya kutosikiliza, na mama akamwambia warudie. Wakarudia. Gurudumu la pili alikuwa anajibu kwa sauti ndogo. La tatu alikuwa anasubiri amri bila kupumua. Mtu wa benchi alijaribu kutania kwamba nyumba hii dume ni nani, na aliyemjibu ni Kapteni mwenyewe, mguu ukiwa kwenye pedali: "Nyamaza, nisije nikakosa kusikia."

Gurudumu la mwisho lilitoa oili safi, ya rangi ya asali nyepesi, bila povu. Mama akatoka, grisi mashavu yote mawili, nywele zimejaa vumbi. Ile oili chafu aliifunga kwenye galoni, akaipeleka gereji ya karibu badala ya kuimwaga mtaroni. Fundi wa pale akaja akakagua, akakaza nati moja nusu mzunguko, akasema breki ni nzima.

Mama akafungua pindo, akampa Kapteni funguo. Tulizunguka uwanjani kwanza, polepole, tukisimama na kuondoka. Ndipo mama akakubali tuondoke. Tulishuka kwa gia nzito, Konokono akinguruma mlima mzima hadi watu wakatoka kutazama. Kapteni aliinamisha kichwa kwa aibu. Bibi akamwambia amwache Konokono apige kelele, kelele za walio hai.

Sare zilifika zimechelewa. Mwalimu mkuu akanuna. Anune.

FUNZO

Ndugu zangu, ubaya haukuwa breki. Ubaya ulikuwa ni sehemu ya nyumba ambayo mtu mmoja aliifungia, na sisi wengine tukauita woga wetu heshima. Kama kwenu kuna kitu kinachowabeba wote na anayekijua ni mmoja tu, muulizeni leo. Akikasirika, muulizeni akiwa amekasirika. Na wewe usiyejua, sema hujui. Hakuna aliyewahi kufa kwa sentensi hiyo. Kilichozeeka kibadilisheni, msikifiche kwa kujazia kipya juu yake. Na kitu kilichowaangusha kikirudi kuwa kizima chenyewe bila kutengenezwa, msikipande.

Wapo wanaosema mama alimvunjia mumewe heshima. Wengine wametuma ujumbe kupitia kwa bibi. Bibi ameurudisha. Jumamosi hizi chini ya Konokono hutandikwa mikeka miwili, na mimi nina wangu wa tatu; redio bado inaimba. Mto hauruhusiwi.