Taa za Pikapu ya Mifupa

Taa zilishuka zenyewe.

Hilo peke yake halikuwa ajabu, kwani ndivyo zilivyoundwa. Pikapu ya Sabitu ilikuwa na kamera ndogo juu ya kioo cha mbele. Ikiona taa za gari linalokuja, hushusha mwanga mrefu usimpofushe dereva wake, na gari hilo likishapita huupandisha tena. Sabitu alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichomiliki. Kila aliyempa lifti alilazimika kutazama. "Ona mikono yangu, sijagusa kitu. Gari hili lina adabu kukuzidi wewe."

Kilichomsumbua Zulai, mkewe, ni kwamba hakuna gari lililokuja.

Walikuwa wanarudi nyumbani Daura kutoka kumtembelea baba yake Zulai katika mji wa Kazaure. Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia na Hanne, binti yao mdogo, alikuwa amelala mapajani mwake. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na mzigo wa mifupa. Hiyo ndiyo kazi ya Sabitu: huikusanya kwenye machinjio na kuipeleka Kano, kwenye kinu kinachosaga chakula cha kuku. Taa ziliposhuka, Zulai alisubiri taa za mwenzao zitokee mbele. Hazikutokea. Ilitokea harufu, kama ya utumbo uliosahaulika sufuriani huku kifuniko kimefungwa. Ikapita upande wa dereva, ikaenda nyuma ya gari, ikakaa huko kidogo. Turubai likapigapiga. Kisha mwanga ukapanda.

"Umeona?" Zulai aliuliza.

"Nini?"

"Zimeshuka. Zimemshukia nani?"

"Punda. Si unajua macho yao yanavyong'aa."

"Hazishuki kwa punda, Baba Hanne."

"Basi kwa mtu mzito, mheshimiwa, amepita na baiskeli." Sabitu alicheka. "Wee mwanamke, hata gari likitoa heshima unalihoji?"

Zulai hakucheka. Alilelewa gereji kwa baba yake, fundi umeme wa magari, na alijua kufuata waya kabla hajajua kusonga ugali wa mtama. Kwake yeye, taa haishuki bila sababu. Ama kamera imeona kitu, ama kuna kitu kimeharibika, na kilichoharibika hutengenezwa.

Asubuhi akaanza na kioo, kwa sababu kamera hutazama kupitia kioo, na uchafu huweza kuidanganya. Mbele kabisa ya kamera alikuta utando wa mafuta. Ulikuwa mweupe, mzito, kama ule unaoganda juu ya supu ya kichwa cha mbuzi ikilala. Ulikuwa na mistari myembamba iliyokwenda sambamba, kama njia ya ulimi wa ng'ombe anayelamba chumvi. Aliufuta kwa sabuni, ukatandazika tu. Aliufuta kwa siki, ukatoka kwa shingo upande, ukahamia kwenye vidole vyake. Mchana huo Zulai alikula kwa kijiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwake, na hata hivyo aliacha nusu ya chakula.

Kesho yake utando ulikuwa umerudi mahali pale pale.

Akakagua fyuzi, zikawa nzima. Akafungua plagi ya kamera, ikawa safi. Akatikisa kishikizo chake, hakikucheza. Mwisho akaamua kuijaribu barabarani, giza lilipoanza kuingia. Alimwomba jirani aje kwa mbali na pikipiki, na taa zikashuka kwa wakati, zikapanda kwa wakati. Akamtaka Sabitu asimame pembeni ya lami na yeye apite kwa mwendo wa kawaida. Sabitu, badala ya kusimama, akacheza pale pembeni kama bibi harusi, kiuno huku na mikono kule, na mwanga mrefu ukammulika kutoka unyayo hadi kofia bila kutetereka. Kwa mtu wa miguu, taa hazikushuka. Akarudia, akarudia tena. Hazikushuka.

"Haya, daktari," Sabitu alisema akihema. "Mgonjwa ana nini?"

"Gari halina ugonjwa."

"Si nilikwambia?"

Zulai alizima injini. Angefurahi zaidi kama lingekuwa nao.

Kisha upepo wa harmatani ukaanza. Vumbi la jangwani likafunika mji, jua likawa kama sarafu kuukuu, na hata alasiri madereva waliwasha taa. Sabitu alikuwa na mzigo wa Kano, na Zulai akasema atakwenda naye, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Hanne akaachwa kwa jirani.

Hawakufika mbali. Nje kidogo ya mji taa zilishuka, zikapanda, zikashuka, zikapanda, kama mtu anayeitikia salamu za msafara, kisha zikashuka zikabaki chini, na ile harufu ikaja, safari hii si upande mmoja bali pande zote, nzito, ya moto, ikiingia kwa matundu ya hewa na kukaa kwenye ulimi, na nyuma yao, chini ya turubai, Zulai akasikia sauti aliyoijua tangu utoto wake, sauti ya watu wengi wanaofyonza uboho bila kuona haya.

"Simamisha," alinong'ona.

"Nisimame hapa?"

"Simamisha, nakuomba."

Alishuka akijisomea Ayatul Kursiy, akazunguka nyuma, akafungua kamba moja na kuinua ncha ya turubai. Mifupa aliyoiona ikipakiwa asubuhi, mikavu, myeupe, inayogongana kama kuni, ilikuwa imevaa nyama. Ilikuwa nyama mbichi, yenye joto, inayotoa mvuke katika baridi ya vumbi, inayong'aa kwa ute, na juu ya paja moja nene lililolala karibu na mkono wake nyama hiyo ilibonyea, ikavutika, ikachanika kidogo kidogo kwa umbo la meno ambayo hayakuwapo, na kipande kikaning'inia hewani, kikatafunwa, kikapotea, na tone la mafuta likaruka na kutua mdomoni mwake.

Zulai alitapika mpaka tumbo likawa halina cha kutoa. Alisugua midomo kwa mtandio, kisha kwa mchanga.

Tangu madrasa alifundishwa kwamba mifupa ni chakula cha majini, ndiyo maana haifai kustanjia, yaani kujisafishia baada ya haja. Alifundishwa pia kwamba mfupa wa mnyama aliyetajiwa jina la Mungu huwarudia ukiwa umejaa nyama. Hakuwahi kufikiria nyama hiyo inanuka vipi. Wala hakuamini kwamba chakula halali kingeweza kunuka namna ile.

"Mifupa hii umeitoa wapi?" aliuliza aliporudi kitini.

"Machinjioni."

"Yote?"

Sabitu alitazama usukani. "Na jalalani kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Mizoga. Punda. Mbwa wawili watatu. Ikishasagwa, Zulai, nani ataijua?"

"Wao wameijua."

Sabitu alifuta jasho. Akasema, "Ni hiyo kamera. Inawaita. Zima hiyo otomatiki, mwanga nitaushika mwenyewe."

Na Zulai, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba kinachosumbua huzimwa, alizungusha swichi ya kijiti cha taa, na alama ya kijani ikatoweka kwenye dashibodi. Sabitu alimrudisha nyumbani. Yeye akaondoka tena na mzigo wake, peke yake, taa ndefu zikiwaka moja kwa moja.

Alirudi kesho yake. Zulai alilitazama gari kabla ya kumtazama mume. Ule utando wa mafuta sasa ulikuwa upande wa ndani wa kioo.

"Niliwamulika," Sabitu alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kila harufu ilipokuja, niliwamulika usoni. Mwanzoni walifunika nyuso kwa mikono. Baadaye wakaacha kufunika. Wakaacha hata kupisha njia."

"Ukafanya nini?"

Sabitu aliomba maji, akayashika, hakuyanywa.

Tangu hapo alikataa ugali, akakataa maziwa, akakataa hata kokwa ya kola ya kutafuna. Shuka upande wake wa kitanda iliamka imeganda, na Zulai alipoikuna kwa ukucha, ukucha ulibeba mafuta meupe. Jioni moja alisikia ile sauti ya kufyonza stoo. Alifungua mlango akamkuta mumewe amechuchumaa, taya la punda mikononi, manyoya bado yamelishikilia, ulimi wake ukipita taratibu kati ya jino na jino. Sabitu aliinua uso. Kidevu kilikuwa kinang'aa.

"Usiniangalie hivyo, Mama Hanne," alisema kwa aibu ya kweli, macho yamejaa machozi. "Si mimi ninayesikia njaa."

Zulai alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa mapenzi. Alitaka kumkumbatia, na mwili wake ukakataa. Alifunga mlango, akaketi nje yake akilia, akiapa kwamba atamrudisha Sabitu akiwa Sabitu, au hatamrudisha kabisa kwenye nyumba yenye mtoto.

Malam Shekarau, mwalimu wa dini aliyesifika kwa kutoa majini, aliishi kijiji cha pembeni mwa barabara hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua na hasira za karibu. Sabitu alipoingizwa sebuleni, Malam alifunika pua kwa kilemba.

"Astaghfirullah. Kaa pale mlangoni, ndugu yangu. Hapo hapo panatosha."

Aliwasikiliza bila kuwakatiza, isipokuwa kupiga chafya. Walipofika kwenye habari ya kuzima otomatiki, alimgeukia Zulai.

"Ukikutana na gari barabarani unafanyaje?"

"Nashusha taa, Malam."

"Na mwenzio akikataa kushusha?"

"Namtukana."

"Basi. Gari lenu lilikuwa linawashushia taa, nao wakala, wakapita. Mumeo akawaalika kwa mzoga, chakula cha wasio na dini, kisha akawamulika macho wakiwa mezani. Unadhani watatukana tu?"

"Watatoka?"

"Watatoka. Sijasema watatoka kwa hiari."

Mifupa yote iliyobaki stoo na garini ilimwagwa porini, ile ya mizoga ikazikwa. Malam alisoma mpaka sauti ikamkauka, na Sabitu, akiwa ameshikwa na wanaume wanne, alitapika madonge ya manyoya yaliyoshikana kwa mafuta, moja baada ya jingine, kila donge likitoka polepole kama linazaliwa. Donge la mwisho lilijikunja mchangani. Malam alilimwagia chumvi na maji ya dua, na mchanga ukatoa mvuke. Sabitu akaangua kilio, akaomba ugali.

"Wametoka," alisema Malam. "Mwache kwangu siku chache, anywe kombe la maji ya aya. Nenda ukaoshe gari."

Zulai alilisugua kwa ndimu, nje na ndani, mpaka vidole vikachubuka. Alirudisha swichi ya taa kwenye otomatiki, alama ya kijani ikawaka. Kioo kililala safi, kikaamka safi. Sabitu alipiga simu, sauti yake nyepesi, akimtania. "Umelitunza gari langu? Nakuja kulikagua kwa glavu nyeupe."

Siku ya kumfuata alimchukua Hanne, kwa kuwa mtoto alikuwa akimlilia baba yake, akamfunga mkanda kwenye kiti cha pembeni; njiani mtoto akalala. Vumbi lilikuwa zito na jioni iliwahi. Mbele yao lilitokea lori la vitunguu. Taa za pikapu zikashuka, za lori nazo zikashuka, wakapishana kiungwana, na mwanga ukapanda tena. Zulai alicheka peke yake kwa furaha. Kila kitu kilifanya kazi kama inavyopasa.

Karibu na kijiji cha Malam, taa zikashuka.

Zulai alisubiri gari litokee. Alisubiri pikipiki. Ndani ya vumbi, pembeni ya lami, alitokea mtu mmoja anayetembea kwa miguu, kifurushi begani, mkono umeinuliwa kwa bashasha. Alikuwa Sabitu, mnene kidogo, mwenye afya, hakuna tochi mkononi, na nyuma yake barabara tupu.

Mguu wa Zulai ulikanyaga breki kabla akili haijamaliza kumkumbusha jaribio lile: Sabitu pembeni ya lami, kiuno huku na mikono kule, na mwanga haukushuka. Kwa mtu, haushuki.

Alisukuma kijiti cha taa, akawasha mwanga mrefu kwa mkono wake mwenyewe. Sabitu alijifunika uso kwa kiganja, haraka, kama aliyechomwa.

"Shusha taa, Mama Hanne," alisema kwa upole. "Ni mimi, mumeo."

Zulai alibonyeza kufuli, milango yote ikajifunga kwa pamoja.

Sabitu alitoka kwenye mwanga. Alipita ubavuni mwa gari mpaka dirisha la mtoto, akainama, akatabasamu tabasamu lake lile lile ambalo Zulai alimpendea. "Nifungulie. Nimemkumbuka mwanangu." Akaweka kiganja kwenye kioo. Alipokiondoa, palibaki utando wa mafuta, mweupe, mzito, wenye alama ya vidole vitano. Aliutazama kwa aibu kidogo, kama mtu aliyemwaga chai ugenini. Kisha akasogeza uso na kuulamba, taratibu, toka chini kwenda juu, na ulimi wake ukaacha mistari myembamba, sambamba.

Hanne aliamka. "Baba," alisema akicheka, akanyoosha mkono kugusa kioo kutoka ndani.

Zulai aliudaka mkono ule kabla haujafika, na kwa mkono wake mwingine akaingiza gia.