Mgonga Magurudumu

YAH: KELELE ZISIZOIDHINISHWA CHINI YA BEHEWA LA TATU.

Ndivyo barua ilivyoandikwa, kana kwamba ziko kelele zilizowahi kupewa idhini. Mrekodi sauti wa filamu alikuwa amelalamika kwamba kila akiwasha mtambo, kitu kinagonga. Mhudumu wa behewa alikabidhiwa barua hiyo jua likielekea kuzama, akaambiwa akaangalie, na akimaliza aiweke kofia yake sawa kwa sababu naye ataonekana kwenye picha.

Akainama, akaangalia. Magurudumu, giza, basi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mauaji ndani ya treni, ya nyeusi na nyeupe. Mwongozaji alisema hiyo ni sanaa. Mpiga picha alinong'ona kwamba rangi ingefichua kuwa damu ni juisi. Mhudumu angeigiza mhudumu, bila malipo, kwa kuwa hakuwa na jipya la kujifunza. Naye Mkuu wa Kituo, aliyewaazima behewa, alidai lazima aigize. Wakampa nafasi ya maiti: tajiri aliyeuawa, kalala chali sakafuni na koti lake refu.

Mhudumu alipomwona pale, nyongo ilimpanda.

Mumewe alikuwa mgonga magurudumu, fundi anayepita chini ya treni na nyundo, akisikiliza. Gurudumu zima huitika kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfu. Mwaka jana treni iliondoka akiwa bado chini, na taarifa ya Mkuu wa Kituo ikasema marehemu alilala relini akiwa amelewa. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimtapisha! Tangu hapo binti yao anaitwa mtoto wa mlevi shuleni, na mama yake ameandika barua hadi vidole vimeota sugu. Alichotaka ni sentensi moja kutoka kinywa kimoja: hakuwa amelewa.

"Shemeji, nisogezee hiyo kofia," maiti ikasema.

Shemeji, tena. Akaisogeza kwa mguu.

Treni ikaondoka. Mrekodi sauti akavaa hedifoni, akainua mkono. Mhudumu akapiga magoti kando ya maiti, kama alivyoelekezwa. Kamera ikaanza.

Ko.

Chini ya sakafu. Kule mlangoni.

Ko... ko...

Treni ilikuwa inakwenda mbio, na hakuna mtu awezaye kuwa chini ya treni inayokwenda mbio. Lakini nyundo ilipita gurudumu hadi gurudumu, bila haraka, na kila moja likaitika kama kengele. Halafu ikaja harufu. Grisi na sabuni ya kipande. Mhudumu aliijua kama anavyoujua mto wake wa kulalia.

Mwongozaji hakusema kata. Kurudia ni gharama.

Ko.

Sasa ilikuwa chini ya mgongo wa maiti. Mkuu wa Kituo akafumbua macho, mkono wake ukashika pindo la sketi ya mhudumu. Ulikuwa wa baridi.

"Shemeji," akanong'ona. "Niinue. Viungo vimekataa."

Angeweza kumwinua. Amewainua abiria wanene kuliko yeye. Lakini mwaka mzima alikuwa ameingoja sentensi moja.

"Sema kwanza."

"Mwambie atoke huko chini..."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwacha huko."

Ko. Safari hii haikugonga chuma.

"Hakuwa amelewa," Mkuu wa Kituo akasema. "Nilimwona akiingia. Nilimwona kwa macho yangu..."

Ko.

Mlio mfu.

Mwongozaji akasema kata, akapiga makofi, akaapa hajawahi kuona maiti yenye kipaji namna ile. Wote wakacheka, isipokuwa mhudumu na maiti.

Kituo kilichofuata, mrekodi sauti alifungulia rekodi mbele ya wapagazi. Wakasikiliza, mmoja baada ya mwingine wakavua kofia. Mkubwa wao akamshika mjane mkono, akamwambia binti aambiwe leo hii, asingoje kesho.

Ofisini mambo yalikuwa mengine. Kelele, uchakavu wa kawaida. Kifo cha Mkuu wa Kituo, moyo. Na maneno ya marehemu hayana uzito, kwa kuwa aliyatamka akiwa anaigiza. Wakatia saini, wakapiga mihuri. Siku hizi, jua likizama, nyundo huanza upya, chini ya behewa la maofisa. Mhudumu huisikia akikunja mashuka, na bado hajaletewa barua ya kumtuma akaangalie.

Marehemu hakuwa anaigiza. Alimwona fundi akiingia chini ya behewa na nyundo yake, treni ilikuwa imechelewa, akapeperusha bendera ya kijani.