Ndoo Iliyomponza Kifaru

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, Kifaru alikagua mali yake kama jemadari anayekagua jeshi: ndoo, sanduku la bati, sahani, kandambili. Vyote alikuwa ameviandika kwa rangi nyekundu, Kifaru7. Saba ilikuwa namba ya jezi yake. Bwenini, kitu kisicho na alama huota miguu.

"Bado meno," alisema Wembe, msichana wa kitanda cha juu. "Yaandike, yasije yakaibwa."

"Na wewe andika ulimi wako, tujue sumu ni ya nani."

Hawakupatana tangu siku Wembe alipooga maji ya mwenzake na kumrudishia ndoo yenye povu. Amani ilikuwa haijatajwa.

Jumatatu, matroni aliingia darasani amefura.

"Kifaru! Simama. Ujumbe umenifikia kutoka akaunti yako ya kompyuta. Tusi tupu! Sitalisoma hapa, nina heshima zangu. Leo unafungasha, nyumbani wiki mbili."

Jumamosi ilikuwa fainali ya mpira, na nahodha alikuwa Kifaru.

"Si mimi, matroni! Naapa!"

"Basi ulijiandika wenyewe?"

Nyuma kabisa, Wembe alishindwa kujizuia. "Eti panya wa jikoni wamehama kwa sababu ya mapishi ya matroni! Kifaru, una mdomo mchafu!"

Matroni akageuka taratibu.

"Mimi sijalisoma kwa sauti. Wewe umelisoma wapi?"

Wembe akaona heri apigane. "Sikuvunja kitu! Nenosiri lake si lipo kwenye ndoo? Hata kwenye kandambili lipo!"

Darasa zima lilicheka. Kifaru alinusurika, lakini masikio yake yaliwaka moto.

Mchana, mwalimu wa kompyuta alimwita.

"Kwa nini Kifaru7?"

"Ili nisilisahau, mwalimu."

"Hongera. Hukulisahau wewe, wala bweni zima." Akavuta kiti. "Chagua maneno manne yasiyojuana kabisa. Shangazi, twiga, pasi, mvua. Sasa mwone shangazi anampigia twiga pasi kwenye mvua. Utamsahau?"

"Hapana!" Kifaru alicheka.

"Ni refu kwa mwizi, jepesi kwako. Ila hilo ni langu la mfano, usilichukue. Tunga lako, na usimwambie mtu. Hata mimi."

Kifaru alifikiri, akaguna kwa kicheko, akabonyeza kibodi kwa muda mrefu.

Ijumaa, Wembe alimkuta Kifaru chumba cha kompyuta, kucha zake Wembe zimejaa masizi ya sufuria za adhabu ya matroni.

"Najua umeweka Kifaru8."

"Jaribu basi, mjuaji."

Akajaribu. Ikakataa. Akajaribu tisa, akajaribu kumi. Akaunti ikajifunga, na kivuli cha mwalimu kikaangukia kibodi.

"Kifaru, mwanangu, nitakufungulia," alisema mwalimu. "Umejifunza? Ndoo unaiandika ili kila mtu ajue ni yako. Nenosiri ni kinyume chake: siku watu wakilijua, si lako tena. Na wewe Wembe, hata ukikuta mlango wa mwenzio uko wazi, hujaalikwa. Sufuria zinakungoja wiki nyingine."

"Mwalimu! Na kesho fainali?"

"Utasikia kelele za mabao ukiwa jikoni."

Kifaru alikuwa anafunga kamba za viatu vya mpira, polepole, ili Wembe aone vizuri.