Kibao cha Barafu za Mbwa

Soko la Katoro lilikuwa limejaa siku ile mpaka pikipiki zilikuwa zikisukumwa kwa mkono. Vumilia alikuwa nyuma ya friji, kilemba cha kitenge cha njano kimemkaa kichwani kama kimeshonewa pale pale, akitoa barafu za ubuyu na kurudisha chenji bila kuinua macho. Alipoyainua, mkono ulimsimama hewani.

Mwanamume mrefu aliyevaa sare ya bluu ya ulinzi, buti zikiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba, alikuwa amenunua barafu mbili. Moja alikuwa akiifyonza mwenyewe. Ya pili alichuchumaa akampa mbwa.

"We kaka!" Vumilia alipaza sauti. "Ubuyu wangu ndiyo unampa mbwa?"

"Si nimeulipia, dada?"

"Na wateja wangu wanaona! Kesho atanunua nani hapa?"

"Mwangalie kwanza anavyofurahi, halafu unigombeze."

Vumilia akamwangalia. Mbwa jike wa rangi ya kahawia alikuwa amefumba macho, ulimi umekuwa mwekundu kwa ubuyu, mkia unafagia chini. Vumilia alijiandaa kukasirika, akajikuta anacheka.

"Anaitwa nani?"

"Almasi. Mimi Ngassa. Tunalinda mtambo wa kuchenjulia dhahabu, njia ya Geita. Jua la pale getini, dada, hata buti zinalalamika."

"Sukari itamuozesha meno huyo."

"Basi mtengenezee isiyo na sukari."

Ngassa alikuwa anatania. Lakini aliacha namba ya simu, "kwa ajili ya Almasi," na jioni simu yake ikaita.

"Halo, baba Almasi?"

"Nani mwenzangu?"

"Wa barafu. Nimechemsha mifupa ya mbuzi. Kitunguu niweke kiasi gani?"

"Usiweke kabisa! Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Na chumvi acha."

"Sasa hiyo itakuwa supu gani?"

"Ya mbwa, mpenzi."

Vumilia akaweka mwiko chini.

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Mtandao unakatakata," Ngassa akasema, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Vumilia aliiacha supu ipoe. Mafuta yalipoganda juu akayaengua. Akaichuja kwa kitambaa mpaka hapakubaki hata chembe ya mfupa, akachanganya na boga lililopondwa, akamimina kwenye vikopo. Sufuria ya kazi ile aliifunga kitambaa chekundu kwenye mpini isichanganyike na nyingine, na vikopo akaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko, upande wake peke yake ndani ya friji. Almasi alipoonja, alilamba kikopo kikaserereka mpaka miguuni pa muuza nyanya.

Baada ya hapo Ngassa alikuwa akipita kila asubuhi. "Mwangaluka, mpishi wa Almasi," alikuwa akimsalimu kwa Kisukuma, na Vumilia akimjibu, "Mwangaluka, mlinzi unayelindwa na mbwa." Walinzi wenzake nao wakaanza kuwaagizia mbwa wao. Ngassa alimletea karanga mbichi kutoka kwao Didia. Akamwambia kilemba cha njano kinaonekana tangu stendi. Kuanzia siku ile Vumilia hakukivua, ila kukifua.

Maneno yalianza kwa wanunuzi. Mama mmoja alirudisha barafu akisema inanuka mbwa. Mwingine akauliza kama ubuyu nao unachemshiwa sufuria ile ile. Mwisho Mama Kalisti, mwenye kibanda na mwenye friji, akasimama mbele ya wateja, khanga kiunoni.

"Vumilia, mwanangu, nijibu mbele za watu. Humu ndani ya friji yangu kuna chakula cha mbwa?"

"Kipo, mama. Kina ndoo yake na sufuria yake. Njoo nikuonyeshe."

"Sitaki kuonyeshwa! Watoto wa watu wanashinda njaa, wewe unapikia mbwa mchuzi?"

Wakati huo huo Ngassa akatokea na Almasi. Alisikia nusu ya maneno, akaona watu walivyokunja nyuso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni kweli mbwa wako anakula kwenye friji yangu?"

Ngassa alimtazama Vumilia, akatazama umati. "Hapana, mama. Barafu za mbwa tunaletewa kutoka Mwanza. Huyu dada ananiuzia za ubuyu tu."

Watu wakaguna. Mtu nyuma akasema, "Kumbe huyu binti anajisifia uongo!" Vumilia aliifungua friji. Alitoa ndoo yake, akachukua sufuria yenye kitambaa chekundu, akaondoka nazo sokoni, kila mtu akiangalia.

Simu za Ngassa hakupokea. Alichukua akiba yake yote ya kikoba, akanunua friji kuukuu kwa fundi, akaiweka kibarazani kwenye chumba alichopanga, ng'ambo ya barabara, pale pale soko zima linapomwona. Juu akapigilia kibao alichokiandika kwa mkono: BARAFU ZA MBWA. ZA WATU ZIPO PIA.

Wapita njia walicheka. Vijana wa bodaboda walibweka wakipita. Vumilia aliwapungia mkono na kuuliza, "Niwape ya boga au ya maini?"

Siku aliyopokea simu ya Ngassa, aliongea wa kwanza.

"Sema haraka, nina supu jikoni."

"Vumi, nilikuwa nakulinda. Wangekufukuza."

"Nilishawajibu kweli, Ngassa. Kwa mdomo wangu. Ukaja ukanifanya mwongo mbele ya soko."

"Niliogopa kwa ajili yako."

"Mimi sikuogopa. Hapo umenilinda na nini?"

Vumilia akakata. Ngassa alibaki ameshika simu, Almasi akimtazama.

Siku ya mnada, soko lilipofurika, alikuja na sare iliyopigwa pasi, buti zinang'aa. Hakuvuka barabara. Alikwenda kwanza kwa Mama Kalisti, akasimama pale pale aliposimama siku ile.

"Shikamoo, mama. Nilikudanganya. Barafu za mbwa anatengeneza Vumilia. Hakuna ya Mwanza wala ya wapi. Yeye alisema kweli, mwongo nilikuwa mimi."

"Na mimi nifanyeje nikisikia hivyo? Nipige makofi?"

"Hapana, mama. Nimetaka walewale waliosikia uongo ule, wasikie na ukweli huu."

Kisha akavuka, nusu ya soko ikimfuata kwa macho. Vumilia alikuwa amekaa kibarazani, kilemba cha njano kichwani.

"Nipe mbili za boga," Ngassa akasema.

Moja akampa Almasi. Ya pili akaanza kuila mwenyewe, wazi wazi, akitafuna.

"Haina chumvi," akasema.

"Ni ya mbwa, mpenzi."

Safari hii hakuna aliyesingizia mtandao. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele. Ngassa akajifuta midevu.

"Wazee wangu Didia wanataka kuja kuwaona wa kwenu."

"Umewaambia nauza nini?"

"Nimewaambia. Mzee kacheka mpaka kakohoa. Halafu kauliza kama mbwa wake wa kuchunga nao watapelekewa."

"Waje mchana. Wapitie sokoni, siyo vichochoroni. Na Almasi awepo."

"Atakuwepo. Kwa hiyo umekubali?"

Vumilia aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi na brashi. Akaelekeza kidole kwenye kibao, chini ya maandishi yake, palipokuwa na nafasi tupu.

"Andika jina lako hapo. Na namba ya simu."

Ngassa akachovya brashi, akaanza kuandika herufi ndogo, nadhifu, za mtu mwenye haya.

"Kubwa zaidi, baba Almasi," Vumilia akasema. "Mama Kalisti hana miwani."