Vipimo vya Mama

Kila alasiri, msichana aliyeitwa Chapuchapu alirudi kutoka shuleni, akala, kisha akakaa kwenye kompyuta iliyokuwa kando ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na humo alihifadhi vipimo vya wateja wa miaka sita.

Linux iliyokuwemo, yaani mfumo wa kuiendesha kompyuta, ilikuwa kuukuu, na michezo ilikwamakwama. Mjomba, fundi wa kompyuta, aliahidi kuleta toleo jipya.

"Tutajaribu matoleo mawili matatu kwa flashi kwanza," alisema. "La michezo tu, lisiloweza kuchapa kazi za mama yako, halitufai. Na kabla ya yote, tunanakili mafaili."

Chapuchapu hakuwa na subira hiyo. Jumamosi, mama akiwa sokoni, alichomeka flashi ya rafiki yake, yenye toleo lililosifiwa na darasa zima. Kompyuta ikauliza kama ifute diski yote. Akakubali bila kusoma. Michezo ikaenda vizuri ajabu, lakini vipimo havikuwepo.

"Umeme ulikatika, mama, diski ikaharibika," alisema. "Ikabidi niweke Linux nyingine ndipo iwake."

Mama hakumgombeza. Alikaa kwenye kompyuta hiyo akaanza kuandika upya vipimo alivyovikumbuka: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Chapuchapu aliona aibu, lakini hakuungama.

Jumatatu mjomba alifika, mama bado anaandika, akaelezwa habari ya umeme.

"Diski ikiharibika, dada, hatuna la kufanya," alisema kwa huzuni. "Ingekuwa imefutwa tu, tungevifukua vipimo, mradi hakijaandikwa kitu juu yake."

Chapuchapu alivitazama vidole vya mama. Kila alichoandika kilikuwa kinafunika cha zamani.

"Mama, acha kuandika," alisema, machozi yakimtoka. "Diski ni nzima. Niliifuta mimi."

Mjomba aliizima kompyuta papo hapo, akaondoka nayo. Siku ya tatu aliirudisha na vipimo, isipokuwa vya wateja kumi na saba. Safari hii walijaribu matoleo matatu pamoja, wakachagua lililochapa vizuri, ingawa michezo yake ilikuwa ya polepole kidogo.

Kisha mama akamkabidhi Chapuchapu utepe wa kupimia na orodha ya wale kumi na saba.

"Utawaendea mmoja mmoja, uwaombe radhi, uwapime," alisema. "Kidole kilichoteleza nimekisamehe, mwanangu. Lakini hawa hawakupotea ulipobonyeza. Walipotea siku mbili ulizonitazama nikiandika, ukanyamaza. Ukikosea, sema mapema, kungali na cha kuokoa."